Mvinyo wa Mwaka wa Ukame

Bwana Pua alitema mvinyo kwenye ndoo mara ya tatu, kisha akaufuta ulimi wake kwa leso, watu wote wakimtazama.

Waonjaji wenzake wanne walikuwa wameshaandika alama zao, na zote zilikuwa za juu. Mmoja wao, bibi mmoja aliyekuwa ameifanya kazi hiyo miaka arobaini, alisema mvinyo mwekundu wa namna ile mtu hukutana nao mara moja katika maisha, akibahatika.

Lakini neno la mwisho lilikuwa la Bwana Pua. Jina hilo alipewa kwa utani, naye akalivaa kama cheo. Wenye hoteli na wenye maduka walisubiri makala yake ya Jumamosi kabla ya kuagiza hata chupa moja.

"Umeoza," alisema.

Mwenye shamba alikuwa amesimama kando ya mapipa, mikono ndani ya aproni. Mwaka wa mvinyo ule mvua zilikatika mapema, zabibu zikatoka chache na ndogo, na mumewe akafariki katikati ya mavuno. Yeye na shemeji yake walizichuma na kuzikamua peke yao. Kwa miaka sita hakumruhusu mtu kufungua pipa.

"Labda ni glasi, kaka," alisema kwa upole. "Nikubadilishie?"

"Umeshanibadilishia mbili."

Ni kweli. Ya kwanza aliikataa kwa sababu ilinuka kitambaa kibovu. Ya pili aliirudisha kabla haijatiwa kitu. Mkate wa kusafishia kinywa aliusukuma mbali, na kahawa waliyokaribishwa nayo aliimwaga kwenye chungu cha maua. Hata njiani alimwamuru dereva asimamishe gari na kukagua chini ya viti, isije ikawa kuna panya aliyefia humo. Ndiyo kwanza alikuwa ameinuka kitandani baada ya wiki mbili za mafua makali, na dunia aliyoirudia ilimtia kinyaa.

"Mimi nasikia harufu ya tunda la plamu, na ya udongo ulionyeshewa mvua sasa hivi," alisema yule bibi. "Wewe unasikia nini hasa?"

"Nyama iliyosahaulika juani. Nyinyi mnausifu kwa kumhurumia mjane, basi. Mnanichefua kuliko huo mvinyo wenyewe."

Mwenye shamba alimsogelea.

"Onja tena siku nyingine, kaka. Nakuomba. Mimi mwenyewe nitakuletea chupa nyumbani kwako."

"Dada, kitu kama hiki hakivuki mlango wangu."

Makala aliiandika garini, madirisha yote yakiwa wazi. Maneno yalimjia bila kuitwa: usaha, mtaro, kidonda kilichofungwa siku nyingi. Kabla gari halijafika barabara ya lami, aliituma gazetini. Nyumbani aliingia jikoni, akainamia sufuria, akamfukuza mpishi.

Jumamosi makala ikatoka. Jumatatu hoteli tatu zikafuta maagizo yao. Wale waonjaji wanne nao walianza kukumbuka kwamba hata wao walihisi kitu, isipokuwa yule bibi, ambaye hakuna aliyemsikiliza tena. Kabla ya wiki kuisha, mapipa yote kumi na moja yalichukuliwa na kiwanda cha siki, na mjane akabandika tangazo la kuuza shamba kwenye geti.

Mhariri ndiye aliyempigia simu Bwana Pua kumpa habari.

"Afadhali," Bwana Pua alisema. "Kuna watu wangeunywa ule uchafu."

Alikata simu kwa sababu binti yake alikuwa anaingia sebuleni. Alikuwa ametoka hospitali asubuhi hiyo na mtoto wake wa kwanza, wa siku nne, amemviringisha kwenye taulo jeupe. Nywele za mtoto zilikuwa bado mbichi kwa maji.

"Mpokee mjukuu wako, baba."

Alimpokea kwa mikono miwili, kwa uangalifu, machozi yakimlengalenga. Akainama, akaweka pua yake kwenye utosi wa mtoto, akavuta pumzi.

Akarudisha kichwa nyuma. Ilikuwa harufu ileile ya nyama iliyosahaulika juani.

"Huyu ameoga lini?" aliuliza taratibu.

"Sasa hivi tu, baba," binti alisema, akitabasamu. "Mnuse tena. Umewahi kusikia harufu nzuri kama hii?"