Kibodi ya Katibu

"Wanachama mia mbiri warijitokeza kupiga kula." Ndivyo ilivyosomeka taarifa ya uchaguzi wa ushirika wa Nyamigogo. Wilayani wakajibu wakiuliza aliyepika ni nani.

Katibu Hakizimana alifura kwa hasira. Akamwita Priscila Irakoze, fundi wa kompyuta, ambaye miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha Ijumaa hiyo.

"Shikamoo, katibu."

"Malahaba. Binti, hii kibodi inaumwa. Nabonyeza helufi sahihi, yenyewe inageuza. Itibu, nikupe mkataba wa kudumu. Ikikushinda, ludi kwenu Nemba."

Priscila akaijaribu. L ilitoa L, R ikatoa R. Kisha katibu akakaa kuandika, naye akakitazama kidole. Katibu alipotaka kuandika Lusahunga, kidole kilikwenda kwenye R bila kusita, na kila palipostahili R kikaangukia L. Kibodi ilikuwa nzima kabisa. Mgonjwa alikuwa amekalia kiti.

Lakini nani amwambie? Priscila aliitaka kazi ile kufa na kupona. Mwaka mzima alikuwa amewauzia maandazi madereva wa malori, stashahada yake ikiwa chini ya godoro. Funika kombe mwanaharamu apite.

Akaingia kwenye kiini cha mfumo endeshi, mahali kompyuta inapofundishwa kutambua kibodi na kipanya. L akaipa kazi ya R, R akaipa kazi ya L, kisha akakiunda kiini upya. Mashine ilivuma tangu asubuhi hadi maharage ya mchana yakaiva.

Katibu akaandika barua ya kurasa mbili bila kosa hata moja. Wilayani wakapiga simu kumpongeza.

"Mnaona?" akawatambia ofisi nzima. "Nirisema ni kibodi!"

Ijumaa aliuchapa mkataba yeye mwenyewe. Kwa heshima aliyokuwa nayo kwa fundi wake, jina hakutaka kulibahatisha. Aliazima kitambulisho cha Priscila, akakiegemeza kwenye kikombe cha chai, akanakili herufi moja moja, akibonyeza ileile aliyoiona. Akatia saini, akagonga mhuri, nakala ikaondoka na bodaboda kwenda wilayani.

Priscila aliupokea kwa mikono miwili, machozi ya furaha yakimlenga. Akausoma.

Kazi ya kudumu alikuwa amepewa Pliscira Ilakoze.