Hakimu wa Nyamizi

"Dada, hakimu huyu anakoroma kitini!" Maganga alifoka siku ya kura za mahakimu. "Kesi yangu ya shamba aliisikiliza amefumba macho, akampa jirani."

"Kwenye kesi yangu alikuwa macho," alijibu Nyamizi, akiendelea kumsuka binti yake, Tatu.

Siku hizo hukumu ilidumu kadiri hakimu alivyodumu kitini. Akitoka, kwa kura au kwa kifo, kesi zake zote zilifutwa. Maganga angerudishiwa shamba lake. Baba yake Tatu, aliyezoea kumfungia mtoto stoo bila chakula, angekuja kumchukua siku hiyo hiyo.

"Kwa hiyo mimi nikalime barabarani?"

"Utalima kwangu, mdogo wangu. Mimi yule mzee namshukuru kila anapocheka mtoto huyu. Akorome apendavyo."

"Na uchaguzi ujao? Ana miaka themanini!"

Tatu alikuwa na miaka sita tu. Nyamizi alijipangusa mafuta ya nazi kidoleni, akabonyeza jina la hakimu kwenye simu kumpigia kura, kisha akamwombea umri ambao hajawahi kumwombea hata mama yake mzazi.