Kanga na Harufu ya Mihogo

Kabla maghorofa hayajafika mtaani, Kanga alikuwa akikaanga mihogo nje ya uwanja wa zamani wa mpira, na kwa mihogo hiyo alilea vifaranga saba. Siku moja ya mechi akapita Tausi, akasimama, akafumba macho na kunusa.

"Dada Kanga, harufu hii! Anayeamka nayo kila siku anakosa nini tena?"

Kanga alikuwa mwepesi wa kulewa sifa. Akamgeukia jirani yake. "Bata, jamani, sogea kidogo. Tumpe mgeni mahali."

Bata akasogea, akasogea, mpaka akajikuta mtaa wa pili. Tausi akajenga ghorofa, akawaita binamu zake, nao wakajenga. Kila aliyehamia, Kanga alimpelekea sahani ya mihogo ya kumkaribisha.

Asubuhi moja akaja Mbwa, mlinzi wao.

"Karibu, kaka Mbwa! Ya moto hii."

"Zima jiko, mama. Leo ndiyo mwisho wako hapa. Wakubwa hawataki harufu."

Kanga akacheka. Akajua Mbwa amekosea. Akakimbia hadi kwa Tausi, vifaranga nyuma yake.

"Jirani, eti umekataza harufu ya mihogo?"

"Ndiyo."

"Mihogo yangu mimi? Si ulisema ndiyo iliyokuleta hapa?"

"Ilinileta, dada," Tausi akajibu kwa upole, huku akifunga dirisha. "Sasa nimeshafika."

Kanga akarudi uwanjani, vifaranga saba nyuma yake, akazima jiko.