Mkono wa Kushoto

Hollis Trammell alijifunga mkono wa kulia ubavuni kwa mkanda wake wa suruali, akaukaza kwa meno, kisha akamwamuru mwenye duka amtolee kila ufito wa kuvulia samaki aina ya besi aliokuwa nao.

“Umelewa asubuhi yote hii?” aliuliza Verna Mayhall.

“Nimekuja kununua, sikuja kuungama. Lete fito.”

Verna alizileta, akazibwaga mezani. Wanaume waliokuwa wakinywa kahawa karibu na mlango wakageuka kutazama. Mashindano makubwa ya majira ya kuchipua yalikuwa yamekaribia, na duka lilijaa wavuvi, lakini hakuna aliyewahi kuchagua vifaa namna ile.

Hollis akaupima ufito wa kwanza kwa mkono wa kushoto, akautingisha. “Fagio hili.” Wa pili akaurudisha bila neno. Wa tatu ulikuwa na gurudumu la kukunjia mshipi lenye mpini upande wa kulia. Akamsukumia Verna kifuani.

“Mpini uko kulia! Niuzungushe kwa pua?”

“Zungusha kwa mkono uliopewa na Mungu. Si huo hapo, umeufunga?”

“Nina mmoja. Nipe wa mpini wa kushoto.”

Akaupata, akatoka nao hadi kwenye gati nyuma ya duka, mahali wateja walipojaribia vifaa ziwani. Joto lilikwishaanza, na watu wote walivaa mashati ya mikono mifupi. Hollis alikuwa na shati zito lililofungwa vifungo hadi shingoni, na jasho likimtiririka.

Alirusha chambo cha bandia, chura wa mpira. Mshipi ukasokotana kwenye gurudumu kama kiota cha ndege. Akapiga magoti, akaanza kuufumua kwa meno, huku akitukana. Akarusha tena. Safari hii chura alitua vizuri pembeni mwa majani, lakini Hollis hakuwa na mkono wa pili wa kushikia ufito ili akunje mshipi. Akakibana kitako cha ufito mapajani, akazungusha mpini. Ufito ukamponyoka, ukaanguka kwa kishindo kwenye mbao.

Mlangoni mtu alicheka. Kisha mwingine akasema kwa sauti ya chini, “Jamani, huyu anamwigiza Clovis.”

Kicheko kikakatika.

Katika mji ule mvuvi wa mkono mmoja alikuwa Clovis Pickard peke yake. Msumeno wa kiwanda cha mbao ulimkata mkono wa kulia chini ya bega, na baada ya mwaka mmoja alikuwa amerudi ziwani, akivua na kushinda. Uadui wake na Hollis ulianza kabla ya hapo. Hollis alisimama siku moja mbele ya mizani ya mashindano, umati ukisikiliza, akadai Clovis amewashindilia samaki wake vipande vya madini ya risasi tumboni ili waongeze uzito. Clovis alifungwa kwenye mashine ya kupima uongo kama mhalifu, akatoka safi. Hollis hakumwomba radhi. Hata aliposikia habari za msumeno, hakwenda kumwona.

Verna akachukua simu. “Njoo dukani,” alisema. “Njoo uone anachokufanyia.”

Clovis alifika upesi, akaliacha gari mlango wazi. Alipita katikati ya watu, mkono mtupu wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Hollis alikuwa akijaribu ufito wa saba.

“Endelea,” alisema Clovis. “Nimeambiwa kuna sinema ya bure.”

“Sikukualika.”

“Uliniita mwizi mbele ya mji mzima, hukutosheka. Leo unaucheza ulemavu wangu?”

“Najaribu mali ya duka. Sogea, unanikingia maji.”

“Na hata kuigiza hujui! Mimi ufito naubana kwapani, kwenye kigutu. Mapajani hivyo, kama mtu aliyebanwa na haja, nani kakufundisha?”

“Kwapani haitanifaa.”

“Haitakufaa! Sikieni mwalimu!”

Watu wakacheka, safari hii kwa hasira. Hollis hakugeuka. Alirusha tena, akabana tena, akazungusha. Ufito ukashika. Chura akaja akirukaruka juu ya maji hadi gatini, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile Hollis aliachia pumzi.

“Huu nauchukua,” alisema.

“Huchukui kitu.” Clovis aliupiga teke ufito ukaruka pembeni. “Kwanza nakufungua huo mkono, tupigane. Wewe na yako miwili, mimi na huu wangu. Unatosha.”

“Usiniguse, Clovis.”

“Unaogopa?”

“Nimesema usiniguse!”

Clovis akamshika mkono uliofungwa, juu kabisa, akavuta.

Hollis alipiga ukelele ambao watu wa pale hawakuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Akaporomoka kwa magoti. Clovis bado alikuwa amemshika, na chini ya lile shati zito vidole vyake vilikuwa vimekuta kitu: uvimbe mgumu, wa moto, mkubwa kuliko yai, umeng’ang’ania mfupa.

Akaachia polepole. Verna alikuwa anakuja na maneno mdomoni. Clovis akamwonyesha kiganja anyamaze. Akachuchumaa mbele ya adui yake, akamtazama uso uliokuwa umegeuka wa kijivu.

“Wanaukata mkono lini?” aliuliza.

“Jumatatu,” alisema Hollis. “Wote. Tangu begani.”