Lami Juu ya Kutu

"Nipakie lami, shemeji, tena nene," alisema mume wa dada yangu, amesimama ukingoni mwa shimo la gereji. "Inahimili mawe na matope kuliko rangi yoyote."

Hapo alisema kweli. Lakini lami hushika chuma, haishiki kutu.

Mimi nilikuwa shimoni, chini ya gari lake la porini. Niligonga fremu kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia ngo! Hiki, hapo panaposhikilia usukani, kililia pwa, kama boga lililooza. Nikasukuma ncha kidogo tu. Ikazama yote.

"Hapa pakatwe, pachomelewe, ndipo tupake."

"Wewe paka! Mnunuzi yuko njiani, na kwa tumbo lile hawezi kuinama." Akacheka. "Usiniharibie, sisi ndugu."

Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ni kazi ya ulimi wake. Brashi ni yangu.

Mnunuzi akaingia na binti zake watatu, akahema, akauliza, "Chini kukoje, fundi?"

Shemeji alinikazia macho.

Nikafunika kopo la lami, nikanyoosha bisibisi juu.

"Shuka ngazi hiyo, mzee, ugonge mwenyewe. Huku shimoni hakuna kuinama."