Hatua Moja Kabla ya Jiwe

Ndama alikuwa amekwama akizaliwa, na ng'ombe wa Bi Nyamizi alikuwa anakwisha. Daktari wa mifugo aliyekuwa karibu ni Sospeta, mtoto wa kaka yake, lakini cheti chake ni cha ng'ambo ya mpaka. Huku alishalala rumande kwa kumtibu mbuzi. Basi Bi Nyamizi na majirani wakamkokota ng'ombe kinyumenyume hadi jiwe la mpaka, Sospeta akingoja upande wa pili. Ng'ombe naye hakusoma sheria, akalala mkia ukibakiza hatua moja kuvuka.

"Mvuteni kidogo, Shangazi. Cheti changu kinaishia kwenye jiwe."

"Na mkono wako unaishia wapi, baba?"

Sospeta akamtazama askari wa mpakani aliyekuwa anakunywa chai. Akakunja shati hadi begani, akapiga magoti ng'ambo, akanyoosha mkono huku.

Kwato mbili zilipochungulia, askari aliweka kikombe chini, akaanza kuja, naye akikunja shati.