Wekundu wa Darini

Tangu nyumba yake ibomolewe kupisha barabara, Bi Mwanahawa hakutaka kuitaja. Binti yake Salha, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta, aliijenga upya kwenye skrini, akamwita aone.

“Hiyo picha tu,” mama alisema.

“Fungua dirisha, mama. Bonyeza hapo.”

Akabonyeza. Jua likaingia, likaangukia sakafu nyekundu, na dari nyeupe ikaiva wekundu hafifu.

“Dari umeipaka rangi saa ngapi?”

“Sijaipaka. Jua linagonga sakafu, linapanda na rangi yake.”

Mama akafunga dirisha, akafungua tena. Wekundu ukaondoka, ukarudi.

“Asubuhi ilikuwa hivi hivi,” alisema taratibu. “Na mlango wa uani unafunguka?”

“Huko bado sijamaliza, mama.”

Lakini kwenye skrini mama alishasogea hadi mlangoni, ambako mstari mwembamba wa mwanga ulipenya kwa chini.